Ashikaye Kibaba

Kashozi, huku Buhaya, haikuanza jana kupokea wageni. Vita vya Mengo vilipowatawanya watu wa Buganda mwaka 1892, wapo waliofika mpaka huku kutafuta pa kulala. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Missenyi na daraja la Kyaka likavunjwa, wenyeji wa ng'ambo walivuka mto kuja kusini, kwa ndugu na kwa wasio ndugu. Desturi ya Buhaya ni nyepesi: mgeni huingia kibanjani, huletewa kahawa ya kutafuna, na maswali hungoja.

Kumpokea mtu mmoja ni adabu. Kuupokea umati ni kazi nyingine kabisa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Hakuna ukoo wenye chungu cha kiasi hicho. Yakaja mashirika: UNHCR, Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka, na mengine mengi, na maturubai, mahindi, maji na dawa. Watu wakapona. Anayelibeza hilo hajawahi kumlaza mwanawe na njaa.

Ila penye watu wengi, chakula hakijigawi. Katika kambi ya Benaco, huko Ngara, mgao ulipitia kwa viongozi waliokuja na watu wao, na baadhi yao walikuwa wametoka kuua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ashikaye kibaba ndiye mtemi. Juni mwaka huo, mashirika yalipotaka kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, umati uliwageukia wahudumu. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilikuja kumtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Mwishoni mwa 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka lisije likawanenepesha wauaji. Wengine walibaki, kwa kuwa mtoto mwenye kuhara hakumuua mtu. Nimezipima pande zote mbili mara nyingi, na mizani yangu haijatulia. Ninalolijua ni kwamba huruma isiyouliza nani anagawa huwa imekwisha kuchagua.

Tena kuna mwenyeji. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Kambi humpa kadi ya mgao. Mwenye jembe huwa jirani, mwenye kadi hubaki mgeni hata akizeeka. Naye kuni atazitafuta tu. Miti ya Ngara na Karagwe ikakatwa, mwendo wa kwenda kuokota kuni ukarefuka, na mkulima aliyetoa ndizi zake siku ya kwanza akaanza kuhesabu mikungu yake usiku. Hakugeuka mbaya. Alichoka, na hakuna shirika lililokuwa na kadi ya uchovu wake.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR walitoa tangazo la pamoja: wakimbizi wa Rwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31. Amnesty International ikapinga, kwamba mtu harudishwi kwa kusukumwa. Maelfu walizihama kambi wakielekea ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza kuelekea Rusumo, daraja lile lile. Mgongoni mwa mama zao walikuwamo watoto waliozaliwa kambini, wakivushwa kwenda kwao wasikokujua.