Sadaka ya Kumfahamisha Kiziwi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, akatupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeshika mwendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika neema zake zote, na hasa neema hii ya kusikia, ambayo Surat al-Israa, aya ya 36, inatuonya kwamba tutaulizwa juu yake.

Amma baad. Imamu Ahmad amepokea katika Musnad yake kwamba Abu Dharr (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) vipi watatoa sadaka wao wasio na mali. Mtume akamtajia milango mingi ya sadaka: kumtukuza Allah, kuamrisha mema na kukataza maovu, kuondoa mwiba, mfupa na jiwe njiani, kumwongoza kipofu, na pamoja na hayo akataja kumsikilizisha kiziwi na bubu mpaka afahamu. Tuuangalie vizuri mpaka aliouweka Mtume. Kazi haimaliziki pale kiziwi alipopokea kitu mkononi. Inamalizika pale alipofahamu. Hilo ndilo ninalotaka tulizingatie leo: sadaka yetu kwa viziwi haijatimia ikiwa inamshibisha tumbo na kumwacha gizani. Tumezoea mwezi wa Ramadhani kumpelekea unga, mchele na tende, na Idi ikifika kumpa kanzu mpya. Hayo ni mema na yana ujira wake. Lakini mtu huyo huyo akija msikitini Ijumaa na kanzu yake mpya, huketi safu ya tatu akamwona khatibu anafungua na kufumba mdomo, akaona watu wanainamisha vichwa, wengine wanafuta machozi, kisha akasimama kuswali bila kujua kilichowaliza wenzake ni nini.

Wala hawa si watu wachache wa kuhesabika kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na milioni 34 kati yao ni watoto. Karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wapo waliozaliwa wanasikia, wakapoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, surua, usaha wa masikio usiotibiwa, kelele za kazini au uzee. Na wapo waliozaliwa viziwi, ambao wengi wao wazazi wao wote wawili wanasikia. Mtoto wa namna hii hukulia katika nyumba yenye upendo, lakini haina lugha anayoweza kuiona. Hujua ishara chache za nyumbani: kula, kunywa, kulala, njoo, toka. Humwona baba yake anaamka kabla ya jua kutoka, anatia udhu na kuelekea upande mmoja. Naye husimama pembeni yake, akainama anapoinama, akasujudu anaposujudu. Nani amemwambia anamsujudia nani? Ishara ya kula haiwezi kumweleza mtoto Tawhidi, wala ishara ya kulala haiwezi kumweleza mauti na kufufuliwa. Kinachompungukia zaidi ya sauti ni lugha, na lugha ni kitu ambacho wanadamu wenzake wana uwezo wa kumpa.

Atasema msemaji: mtu huyu ana udhuru mbele ya Mola wake, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, basi kwa nini tujitie taabuni? Ni kweli udhuru upo. Katika Hadithi ya al-Aswad bin Sari' (R.A.), aliyoipokea pia Imamu Ahmad, watu wanne watatoa hoja zao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni kiziwi atakayesema kuwa Uislamu ulikuja naye hakusikia chochote. Lakini tuutafakari udhuru huo ni wa nani. Ni wake yeye, si wa jirani yake aliyekuwa na masikio, ulimi, mikono na mali. Kiziwi akisimama na kusema dini ilimpita bila kumfikia, swali litabaki juu ya waliokuwa nayo: ilikuwaje ikapita mlangoni kwake miaka yote ile isiingie ndani? Surat Ibrahim, aya ya 4, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili apate kuwabainishia. Ikiwa Mitume walifikisha ujumbe kwa lugha wanayoielewa watu, sisi warithi wa kazi hiyo hatuna ruhusa ya kumhubiria kiziwi kwa sauti kisha tukasema tumefikisha.

Wengine huiona lugha ya alama kuwa ni mchezo wa mikono usiostahiki kubeba maneno ya dini. Qur'ani yenyewe inawajibu. Nabii Zakaria (A.S.), alipopewa alama ya kutosema na watu siku tatu, aliwatokea watu wake kutoka mihrabuni akawaashiria wamtukuze Allah asubuhi na jioni; amri ya ibada ikafika kwa ishara, na Surat Maryam ikaihifadhi. Katika sura hiyo hiyo Bibi Maryam (A.S.), alipozongwa na watu wake, hakuwajibu kwa ulimi bali aliashiria kwa mtoto, na hoja yake ikawa imesimama. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha siku za mwezi kwa kuonyesha vidole vyake, na alipotaka kueleza ukaribu wake Peponi na mlezi wa yatima aliunyanyua mkono akaonyesha kidole cha shahada na cha kati. Imamu Bukhari aliweka mlango maalumu katika Sahihi yake kuhusu ishara katika talaka na mambo mengine. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za pwani yetu, anahukumu kuwa ishara ya bubu katika mikataba ni sawa na kutamka. Basi ishara iliyokubaliwa na fiqhi kuoa na kuuza, itakosaje kukubaliwa kufundishia Suratul Fatiha na nguzo za swala?

Kuna wanaochukua aya zinazowasema makafiri na wanafiki kuwa ni viziwi, mabubu na vipofu, wakadhani ndani yake kuna aibu juu ya mwenye ulemavu. Hiyo ni dhulma kwa aya na kwa mtu. Waliolaumiwa pale walikuwa na masikio mazima wakayafunga wenyewe. Surat al-A'raf, aya ya 179, inasema wazi kuwa wana masikio lakini hawasikii kwayo, na Surat al-Hajj, aya ya 46, inabainisha kuwa upofu wenyewe hasa ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Tena, Mwenyezi Mungu aliteremsha Surat Abasa kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Aya hizo zinasomwa mpaka leo, na funzo lake haliishii kwa wasioona: mwenye ulemavu anayetaka kujifunza hacheleweshwi kwa sababu kuna mkubwa wa kuhudumiwa kwanza.

Na asidhani mtu kwamba ukimfikia kiziwi kwa elimu utapata mwanafunzi wa kuhurumiwa tu. Abul Abbas al-Asamm wa Nishapur, aliyefariki mwaka 346 Hijria, aliitwa al-Asamm, yaani kiziwi, kwa uziwi wake, naye ndiye aliyepokea kwa ar-Rabi' bin Sulayman vitabu vya Imamu Shafii, na Musnad ya Shafii imetufikia kwa mapokezi yake. Uziwi ulimpata baada ya kuzunguka kutafuta Hadithi, na uzeeni akapoteza na macho. Wanahistoria wa Hadithi wamesimulia kwamba wanafunzi walikuwa wakimtia kalamu mkononi. Akiigusa hujua wanataka kupokea, naye huanza kusoma kwa hifdhi yake, akitaja sanadi kutoka kwa ar-Rabi'. Watu wale walitafuta njia ya kumfikia, wakaipata katika kalamu. Nasi leo tunaofuata madhehebu ya Shafii tunakula matunda ya elimu iliyopitia kwa mzee asiyesikia.

Pingamizi kubwa huwa ni mali: msikiti haujaezekwa, mayatima wamejaa, madrasa haina mabati, viziwi tutawafikia lini? Jibu ni kwamba tayari tumekwisha kukubali kutumia mali ili ujumbe uwafikie watu. Hakuna msikiti mjini usio na vipaza sauti, na vikiharibika mchango hupatikana kabla ya Ijumaa. Tumefanya hivyo kwa sababu aliyekaa uwanjani ana haki ya kusikia khutba. Haki hiyo hiyo anayo aliyekaa mbele ya mimbari na hasikii. Mkalimani wa lugha ya alama husimama mahali anapoonekana, hatoi sauti wala hamkati khatibu. Na khutba ya Ijumaa ya Msikiti Mtukufu wa Makka hufasiriwa kwa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kiziwi akiweza kufuata mjadala wa bajeti, itakuwa aibu juu yetu ashindwe kufuata mawaidha ya Mola wake.

Wapo pia wanaohofia kwamba shule za viziwi na jumuiya zao nyingi zilianzishwa na makanisa, na mtoto akipelekwa huko atapotea. Ni kweli kwamba Kanisa Katoliki ndilo lililofungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na kwamba Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianza Ghana mwaka 1957 akaanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987. Lakini hofu hiyo isigeuke kuwa sababu ya kumfungia mtoto chumbani bila lugha. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tushindane katika mambo ya kheri, na hakuna anayeshinda mashindano kwa kuwalaumu waliotangulia kukimbia. Huko Yogyakarta, Indonesia, Waislamu wamefungua chuo cha bweni cha Darul A'shom, ambako watoto viziwi wanahifadhi Qur'ani kwa kuonyesha herufi za Kiarabu kwa vidole, herufi baada ya herufi. Kilichowezekana huko kinawezekana Tanga, Unguja, Mombasa na Kigoma, tukianza na walimu wawili watatu wa madrasa wanaojua lugha ya alama.

Mwenye kutoa na atoe kwa ujuzi. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Kiziwi fukara huipokea kwa ufukara wake, na kiziwi tajiri huitoa kama mwenzake. Mshahara wa mkalimani, mafunzo ya walimu na vitabu vya picha ni bora vitokane na sadaka na wakfu, na duka moja au shamba moja la minazi likiwekwa wakfu kwa kazi hiyo laweza kuihudumia kwa vizazi. Anayenunua shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ajue kwamba betri yake ndogo huisha kwa wiki moja au mbili, na ile sehemu inayochongwa kwa umbo la sikio la mtoto hubadilishwa kila sikio linapokua. Kifaa kilichotolewa mbele ya kamera bila fungu la matunzo huishia kabatini. Tena kifaa hicho hakimfai kila kiziwi. Wengine wanachohitaji ni lugha ya alama. Kwa hiyo tuwaulize wenyewe kabla ya kuwaamulia. Tanzania kipo Chama cha Viziwi, CHAVITA, na Kenya kipo chama cha taifa cha viziwi. Kamati ya msikiti ikikaa nao itajua haja iko wapi.

Na sadaka nyingine ni ya kuzuia. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Kumpeleka mtoto chanjo ya surua na rubela, kumtibu sikio linalotoa usaha badala ya kulitia mafuta ya moto, kutonunua sindano za jentamaisini bila daktari, na kumpima mapema mtoto asiyegeuka anapoitwa, yote hayo ni katika kuhifadhi amana. Tunamwombea mtoto dua na kumsomea Qur'ani, na hilo ni sunna. Lakini dua haimzuii mzazi kwenda hospitali wala kujifunza lugha ya alama, na kila mwaka unaopotea kwa kusubiri muujiza ni mwaka mtoto amekaa bila lugha. Kusubiri kwa imani ni pamoja na kufanya lililo mkononi mwako.

Basi ndugu zangu, kila msikiti na ujue viziwi wa mtaa wake kwa majina. Imamu na awatafutie mkalimani, hata kama ni kwa Ijumaa moja katika mwezi kwa kuanzia. Mzazi na ajifunze lugha ya mwanawe, kwa maana yeye ndiye mwalimu wake wa kwanza wa shahada. Vijana wenye nafasi wajifunze ukalimani wakinuia ibada. Na mwenye mali aulize, kabla ya kutoa, kama sadaka yake itamfikisha mja huyu kwenye kufahamu. Ewe Mola wetu, usitufanye miongoni mwa waliopewa masikio wasisikie. Wafungulie viziwi wetu milango ya elimu ya dini yako, wape wazazi wao subira na maarifa, wabariki wanaowafundisha, na usiujaalie udhuru wao Siku ya Kiyama kuwa hoja juu yetu. Amin, na kila sifa njema ni yako, Mola wa viumbe wote.