Tuwaambie Vijana Ukweli Wote

"Mwalimu, kama tumbaku inaua, mbona ndiyo ilinilipia karo?"

Aliyeuliza ni mvulana wa kidato cha pili, upande wa Malakisi, kaunti ya Bungoma, na darasa zima lilinyamaza kungoja nitasema nini. Tangu nianze kuzunguka shule za Bungoma na Kitale kuzungumza na vijana kuhusu sigara na bangi, sijaulizwa swali la maana kuliko hilo.

Kule Malakisi, Sirisia na Cheptais, tumbaku imekuwa zao la pesa kwa miongo mingi. Mtoto wa huko huijua kabla hajashika sigara. Huchuma majani pamoja na wazazi wake, utomvu ukamganda viganjani hadi vikawa vyeusi na vya kunata, na sabuni isitoshe kuutoa. Majani yakiwa na umande, nikotini hupenya ngozini. Mtoto hushikwa na kizunguzungu, hutapika, na mama hudhani ni jua.

Nilianzia hapo kumjibu. Kile kilichokutapisha shambani, nilimwambia, ndicho mvutaji anachokitafuta. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na ubongo ukishaizoea huanza kuidai. Karo ililipwa, hilo ni kweli, na wazazi wako walitoka jasho la halali. Lakini biashara hiyo haiwezi kuendelea bila wavutaji wapya wa kuchukua nafasi ya wanaokufa, na mvutaji mpya mara nyingi huwa ni kijana wa umri wako.

Nasisitiza kusema ukweli wote kwa sababu nimesikia mafunzo mengi ya vitisho shuleni. Mgeni anakuja, anaonyesha picha ya pafu lililooza, anatangaza kwamba kila avutaye bangi ataokota makaratasi sokoni, kisha anaondoka. Vijana hupiga makofi na kurudi kwenye mambo yao. Kila mmoja wao anamjua mhudumu wa bodaboda anayevuta kila siku na bado anabeba abiria. Wakimlinganisha na yale waliyoambiwa, mgeni anaonekana mwongo, na hata yale ya kweli aliyoyasema hutupwa pamoja na uongo.

Ukweli wenyewe una uzito wa kutosha. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini Sweden na kufuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipatikana na maradhi ya akili ya skizofrenia mara sita zaidi ya wenzao wasiovuta. Wataalamu bado wanajadiliana ni kiasi gani cha tofauti hiyo kilisababishwa na bangi yenyewe, nami huwaambia vijana hivyo hivyo. Lisilo na ubishi mkubwa ni kwamba anayeanza mapema, anayevuta mara kwa mara na anayevuta bangi kali yuko hatarini zaidi, hasa kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua akili. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Wengi hawatapatwa na wazimu. Lakini wanaweza kupoteza umakini darasani, kumbukumbu na hamu ya kufanya kazi, na hayo kwa mtoto wa kidato cha pili ni hasara kubwa mno.

Mwaka 2022 kazi yetu ilikuwa ngumu. Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuhalalisha bangi ili iuzwe nje na kulipa madeni ya taifa. Vijana walikuwa na jibu tayari: kitu cha kulipa deni la nchi kitanidhuru vipi? Jibu ni kwamba hata penye ruhusa, kama Kanada, sheria inawazuia watoto kununua. Mwaka huohuo NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilikadiria kuwa Wakenya zaidi ya 518,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, karibu maradufu ya idadi ya miaka mitano iliyotangulia.

Sigara nayo inahitaji lugha nyingine. Kijana wa miaka 15 haogopi kufa akiwa na 60. Basi Kitale mimi huongea soka, maana huu ni mji wa St. Anthony's, shule iliyotwaa ubingwa wa kitaifa. Moshi una kaboni monoksaidi, na hiyo huingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni, kama abiria asiye na tiketi. Winga anayevuta ataishiwa pumzi dakika ya 60, wakati mpinzani wake ndiyo kwanza anachangamka. Hapo wanasikiliza, hata wale wa viti vya nyuma.

Lakini wakitoka nje, wanakutana na nini? Kibanda kinauza sigara moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ili kila mnunuzi awashe hapohapo. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kuuza sigara moja moja. Picha za onyo zilizowekwa kwenye paketi tangu 2016 hazimfikii mtoto asiyewahi kununua paketi. Machifu na askari wa kaunti hupita hapo kila siku. Nawaomba watekeleze sheria hiyo.

Na wazee wetu wa jamii ya Wabukusu wanayo nafasi ambayo hakuna mgeni wa shule anayeweza kuipata. Kila mwaka wa shufwa vijana hutahiriwa Agosti, na Desemba, wakati wa khwalukha, sherehe ya kuhitimu kwao, huketishwa na kufundishwa utu uzima. Naomba sigara na bangi viingie katika mafunzo hayo. Hata mzee anayenusa ugoro aseme. Akitamka wazi, "Mwanangu, mimi tumbaku imenishika, sitaki ikushike wewe," atasikika kuliko mimi mwenye chaki.

Kuna la kutia moyo pia. Richard Doll na wenzake walifuatilia madaktari zaidi ya 34,000 wa Uingereza kuanzia 1951. Wavutaji walikufa takriban miaka 10 mapema, lakini walioacha wakiwa na umri wa karibu miaka 30 waliepuka karibu hasara yote hiyo. Kijana aliyekwisha kuanza hajachelewa, na hafai kufukuzwa shule kabla ya kuzungumziwa.

Mzazi, jioni hii muulize mwanao ni nani darasani kwao anayevuta sigara au bangi na huzipata wapi, kisha umsikilize bila kumkaripia. Ukimwona yeye mwenyewe amenaswa, piga 1192, namba ya NACADA. Haitozwi malipo.