Vyeti vya Jumamosi

Mwalimu mmoja alifundisha darasa la pili kwa miaka mingi katika shule ya kibinafsi mtaani Kayole, Nairobi. Mkurugenzi wa shule alipenda warsha. Kila muhula, Jumamosi moja au mbili, aliwaleta watu wa kuwafunza walimu namna ya kusomesha herufi kwa sauti, kutunza nidhamu bila kiboko na kutengeneza vifaa vya kufundishia. Walimu walichanga pesa kutoka kwa mishahara ambayo wakati wa likizo ya Desemba haikulipwa kabisa, na jioni kila mmoja akatoka na cheti cha karatasi ngumu chenye nembo ya dhahabu. Mwalimu huyu hakukosa warsha hata moja. Na alijifunza kweli: watoto wake walikuwa wakiunganisha silabi mapema kuliko wa madarasa mengine.

Mwaka 2020 korona ilipofunga shule, karo ikakatika, na shule hiyo haikufunguliwa tena. Mwalimu alikuwa na cheti cha ualimu cha P1. Akaenda chuoni kutafuta diploma, akitumaini kwamba vyeti vyake vya warsha vingempunguzia walau muhula mmoja. Karani akavitoa kwenye faili, akavigeuza mbele na nyuma.

"Mwalimu, hapa mlisoma saa ngapi?"

"Asubuhi hadi jioni."

"Imeandikwa wapi? Mlitahiniwa? Na huyu aliyetia sahihi, anatambuliwa na nani?"

Hakuna cheti kilichotaja saa, mada wala tathmini. Vyote vilisema amehudhuria, basi. Daftari la mahudhurio halikuwahi kuwekwa, na simu ya mkurugenzi haikupatikana tena.

Lawama kubwa simtwiki mwalimu. Mkurugenzi aliwatangazia wazazi kila muhula kwamba walimu wake wanasomeshwa, lakini hakuuliza kama masomo hayo yana uzito wowote nje ya lango lake. Sheria ya tume ya walimu (TSC) ya 2012 haibagui: anayefundisha sharti asajiliwe, awe wa serikali au wa kibinafsi, na anatakiwa kuendelea kujiendeleza kitaaluma. TSC ilipozindua mafunzo ya kujiendeleza ya TPD Septemba 2021, ilitaja taasisi nne za kuyatoa: Vyuo Vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu. Ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka ilipingwa na chama cha walimu cha KNUT, na mimi naona ilikuwa haki kuipinga, maana ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo. Ila mwalimu wa serikali ana chama cha kumpigia kelele na kumfikishia habari. Wa kibinafsi husubiri mkurugenzi amwambie, na mkurugenzi ana shughuli zake.

Diploma aliianza muhula wa kwanza, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga warsha. Siku hizi yuko shule nyingine. Mwezeshaji wa warsha alipokuja huko na bei yake, mwalimu alisimama mbele ya wenzake akamwomba barua ya kibali, idadi ya saa na namna watakavyopimwa. Mgeni akasema atazileta Jumatatu. Walimu wakakubaliana kutochanga hadi Jumatatu hiyo, na hakurudi.