DANIELI MBELE YA MFALME
Neno kwa wote wanaojitayarisha kwa mtihani wa kuendesha motoka

Masomo: Danieli 1:3-20, Yeremia 6:14, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kila juma, baada ya ibada, watu wanabaki mbele ya wazee kuomba maombi. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine anatafuta kazi. Na wako wengi wanaosema: "Baba Mchungaji, siku ya ine nina mtihani wa motoka. Moyo unanipiga sana. Niombeeni." Tunawaombea kwa furaha, maana katika mji wetu wa Lubumbashi permi ni mkate. Kijana wa Katuba au wa Ruashi mwenye permi anaweza kushika taksi, anaweza kuomba kazi kwenye kampuni za migodi, anaweza kupeleka mizigo mpaka Kasumbalesa au Likasi. Mama mwenye permi anaweza kujibebea bidhaa zake za soko bila kungoja mtu.

Lakini tunasikia pia maombi mengine. Mmoja anataka maji ya maombi anyunyize motoka, naye hajajifunza hata juma mbili. Mwingine anataka nabii amwambie mbele ya watu, "Umefaulu." Mwingine anaomba Mungu alainishe moyo wa mtu wa katikati, apunguze bei ya permi isiyo na mtihani. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wale wanaotembea njiani kila siku, tumeona yafaa kuandika neno hili.

I. HOFU NI MBILI

Wapendwa, si kila hofu inatoka kwa Shetani. Iko hofu ya mtu ambaye hajajitayarisha. Hiyo ni shahidi wa kweli ndani ya moyo. Inamwambia: hujui kurudisha motoka nyuma, hujui nani apite kwanza kwenye njia panda, utaua mtu. Hofu ya namna hiyo haifukuzwi kwa kuwekewa mikono. Inaondoka kwa kujifunza.

Na iko hofu ya mtu aliyejitayarisha vema, lakini mwili wake unatetemeka kwa sababu anatazamwa. Huyo anajua kazi, ila mikono imelowa jasho na masikio hayasikii vizuri. Hiyo ndiyo tunayoweza kuiombea, tena iko na dawa zake, tutazitaja.

Nabii Yeremia aliwakemea waliotibu jeraha la watu kijuujuu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haipo. Basi nabii au mzee anayemwambia mtu asiyejua kitu, "Nenda kwa amani, umeshinda," anafanya kosa lilelile. Akimpenda kweli atamuuliza kwanza: "Mwanangu, umejifunza saa ngapi? Na nani amekufundisha?"

II. DANIELI ALISOMA MIAKA MITATU

Mtazameni Danieli na wenzake watatu. Walikuwa watu wa maombi, na Mungu aliwapa akili. Lakini Andiko linasema pia kwamba waliwekwa shuleni miaka mitatu kabla ya kusimama mbele ya mfalme. Siku ya mtihani ilipofika, Nebukadneza aliwauliza mwenyewe, akawaona wamewapita wengine wote mara kumi. Mungu alibariki masomo waliyosoma, hakuwaondolea masomo.

Sisi hatuombi miaka mitatu. Tunaomba mtu aketi kwanza na sheria ya barabara. Nchi yetu iko nayo: sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyotolewa wakati nchi ikiitwa Zaire. Ajifunze alama za njia mpaka azijue kama majina ya watoto wake. Kisha atafute shule ya kuendesha au shofere mwaminifu, azoee kidogo kidogo: kwanza mahali patupu, halafu barabara za mtaa, mwisho barabara kubwa zenye watu na taksi.

Hapa Katanga kuna jambo la pekee. Sheria yetu inatuweka mkono wa kuume wa barabara, lakini jirani zetu wa Zambia wanapita kushoto, na motoka nyingi zinazotufikia kwa njia ya Kasumbalesa zina usukani upande wa kuume. Shofere aliyeketi kuume nyuma ya kamiyo haoni kinachokuja mbele mpaka atoe karibu motoka yote nje. Kwa hiyo jifunzeni katika motoka ya namna ileile mtakayotahiniwa nayo. Wengi wanaanguka kwa sababu wanakutana siku hiyo na usukani wasiouzoea.

III. PERMI YA KUNUNUA

Tunasema jambo hili kwa upole, lakini tunalisema. Permi ni ushuhuda. Inamwambia polisi wa rulaji, tajiri wa motoka na abiria: "Mtu huyu ametahiniwa, anajua." Kama hakutahiniwa, karatasi hiyo ni ushahidi wa uongo, na amri tunaijua wote. Wengine wanajibu: "Wazee, kila mtu anafanya hivyo, na maisha ni magumu." Tunajua ugumu wa maisha, tunauishi pamoja nanyi. Lakini kamiyo haiulizi kama maisha ni magumu.

Kumbukeni mwezi wa pili wa mwaka 2019, katika kijiji cha Kabwe cha Lualaba, kwenye barabara ya Kolwezi. Kamiyo iliyobeba asidi iligongana na motoka nyingine, asidi ikamwagika juu ya watu, na watu karibu 20 wakafa. Hatusemi hapa nani alikosa. Kuhukumu si kazi yetu. Tunasema tu kwamba barabara zetu zinabeba vitu vizito, na anayeingia humo bila kujua anaingia na roho za watu mkononi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabara zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Hao ni watoto wa shule yetu ya Siku ya Mungu, ni vijana wa kwaya.

Katika Torati, mtu aliyejenga nyumba aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Mafunzo ya shofere ndiyo ukingo huo. Mwenye kununua permi amejenga dari bila ukingo, kisha anaita watoto wa jirani wapande wacheze.

IV. DAWA ZA MOYO UNAOTETEMEKA

Sasa tunasema na wewe uliyejitayarisha.

1. Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Tunapenda kesha na tunapenda kufunga, lakini fanya hayo siku za mbele. Eliya alipochoka chini ya mti, malaika hakumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Mtu aliyekesha na kufunga anaona vibaya na anachelewa kukanyaga freni. Kula kidogo asubuhi. Usinywe pombe "ya kupoza moyo", wala dawa usiyoijua.

2. Fika mapema. Tayarisha karatasi zako jana yake. Anayekuja mbio amekwisha kujipa mtihani wa kwanza.

3. Kabla ya kuwasha, usiharakishe. Kiti, vioo, mkaba, freni ya mkono, vitesi: fanya kwa utaratibu uleule kila siku ya mafunzo, na siku ile mikono itakumbuka yenyewe. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Fanya hivyo mara tatu au ine, na moyo utashuka. Sala fupi inatosha, tena macho wazi.

4. Msikilize mtahini. Hujasikia? Sema kwa heshima: "Papa, tafadhali rudilia." Kuuliza si kosa, kukisia ndiko kosa. Mtahini si adui yako. Amewekwa pale kwa ajili ya mtoto wako anayevuka barabara.

5. Mashini ikizimika, usilie. Kanyaga freni, rudisha vitesi katikati, washa tena, tazama vioo, ondoka. Kosa dogo la kwanza haliangushi watu wengi. Wanaangushwa na la pili na la tatu, kwa sababu akili yao imebaki nyuma kwenye la kwanza.

6. Usitafute kumpendeza mtu kwa mbio. Mwenye kwenda kilomita 60 kwa saa anapita metre karibu 17 kila sekunde. Wakati wa mvua, shimo limejificha chini ya maji. Wakati wa kiangazi, vumbi linaficha mtoto. Enda kama mtu anayetazama.

V. UKIANGUKA, NA UKIFAULU

Ukianguka, hujalaaniwa. Usitafute mchawi katika jamaa, usimshitaki shangazi wala mama mkwe. Muulize mtahini ulikosa nini, jifunze hilo, rudi. Na sisi kanisa tusimcheke ndugu aliyeanguka kwa haki, kisha tukampigia makofi aliyenunua.

Ukifaulu, toa shukrani, lakini ujue kwamba mtihani haujaisha. Mlinzi wa Yezreeli alimtambua Yehu kutoka mbali kwa namna alivyoendesha gari lake, kama mwenye wazimu. Je, wewe watakutambua kwa nini? Umebandika jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma, lakini unawafukuza mama wa soko kwa honi, unashika telefone njiani, unapakia watu kupita kiasi. Usiseme, "Mungu atanilinda." Ibilisi alimwambia Bwana wetu neno kama hilo juu ya mnara wa hekalu, ajitupe chini malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu.

Basi, wapendwa, njooni tuwaombee. Lakini njooni mkiwa mmejifunza, mikono safi, bila bahasha mfukoni. Hapo tutasema "Amani" bila uongo.

TUOMBE: Bwana, wape watoto wako bidii kabla ya siku ile, na utulivu ndani ya siku ile. Linda wanaotembea kwa miguu katika mji wetu. Wape watahini haki, uwape mashofere huruma. Kwa jina la Yesu. Amina.