Kuchelewa Pamoja

Swali lenyewe linaonekana dogo, la dukani tu: ukiwa na pesa ya kuhesabu na unataka kucheza gemu za ushindani, ununue monita gani? Ya hezi 60, 144 ama 240? Muuzaji wa Nairobi atakujibu kwa dakika mbili. Liulize ukiwa Lodwar ama Kakuma na litageuka kuwa swali la haki.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Hezi ni mara ambazo skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Skrini ya hezi 60 inaleta picha mpya kila milisekunde 16.7. Ya 144 inaleta kila milisekunde 6.9, na ya 240 kila 4.2. Ukitoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Ukitoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya 3, na hapo ndipo bei inaanza kupaa. Halafu kuna ile "1 ms" iliyoandikwa kwa boksi kwa herufi kubwa. Mara nyingi hiyo ni kasi ya nukta kubadilisha rangi. Muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona ngumi ikitoka ni habari nyingine, na kuhusu hiyo boksi hunyamaza. Mashine yako pia ina usemi: PS4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hata ukiichomeka kwa monita ya 240. Tekken 7 nayo imefungwa kwa 60 kwenye kompyuta yoyote ile.

Sasa weka hizo milisekunde kando ya zingine. Mwangaza ndani ya kebo ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kebo ingenyooka kama rula kutoka Lodwar hadi Frankfurt, kwenda na kurudi kungekula zaidi ya milisekunde 55. Na kebo hazinyooki. Data inateremka karibu kilomita 700 hadi Nairobi, inashuka pwani, inaingia baharini, ndipo itafute seva Ulaya ama Mashariki ya Kati. Kijana aliyezaliwa mtaa mmoja na seva hajalipia chochote. Wewe umejinyima miezi kadhaa ununue milisekunde 10, na bado uko nyuma yake.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama. Methali hiyo inaeleza mambo yalivyo. Haijasema kama ni sawa.

Riadha imeshagombana na swali hili. Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 akiwa na viatu ambavyo watu wa kawaida hawangeweza kununua dukani. Miezi michache baadaye, Januari 2020, World Athletics iliweka mpaka: soli ya viatu vya barabarani isizidi milimita 40. Na Kakuma ina hadithi yake ya viatu. Rose Nathike Lokonyen alikimbia mbio zake za kwanza za kilomita 10 kambini bila viatu na akawa wa pili. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Mbio zina mtu wa kupima soli. Kwenye gemu, jukwaani wachezaji hupewa skrini za aina moja, lakini kule nyumbani, mahali mchezaji anatengenezwa, hakuna anayepima chochote.

Kuna msee atasema: Turkana kuna ukame na wewe unaongea monita? Ni pingamizi la maana, na halistahili kujibiwa kwa kejeli. Lakini mfikirie Lual Mayen, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mamake alidunduiza pesa miaka mitatu amnunulie laptopu ya dola 300, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Leo anajulikana duniani kama mtengenezaji wa gemu. Hata bila mafanikio hayo mama yule hangekuwa amekosea. Kumwambia maskini kwamba kucheza kusubiri mpaka shida ziishe ni kumwambia asicheze kamwe.

Basi haki iko wapi? Jibu moja liko kwa kibanda chochote cha PS, Lodwar ama Kitale. Wachezaji wawili, TV moja. TV ya zamani ambayo haijawekwa kwa hali ya gemu inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 50 na zaidi. Hakuna anayelia kwamba ameonewa, kwa sababu TV inawachelewesha wote wawili sawasawa. Ni kama wazee wanaocheza ajua chini ya mti: mashimo ni yale yale, mawe ni yale yale, na hakuna aliyenunua shimo lake pembeni. Kuchelewa pamoja ni sheria ya mchezo tu. Dhuluma inaingia pale unapochelewa peke yako, na mwenzako aliyewahi akaita hiyo kipaji.

Na Turkana inajua kuchelewa peke yake. Bwawa la Turkwel limekuwa likizalisha umeme tangu miaka ya 1990, megawati 106, na nyaya zake zikaelekea kusini. Kwa miaka mingi Lodwar iliwashwa na jenereta za dizeli. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Mashindano yakitangazwa Nairobi, kijana wa Lodwar anatafuta nauli. Mkimbizi wa Kakuma anatafuta nauli na kibali cha kutoka kambini. Vidole vyake vinajibu kwa robo sekunde. Karatasi haijui sekunde ni nini.

Kwa hivyo, tuseme mbogi yenu imechanga shilingi 45,000, na kompyuta mbili zipo tayari. Mmnunulie mkali wenu monita moja ya 240, ama mnunue mbili za 144? Hoja ya kumpa mmoja si ya kipuzi: akishinda, anafungua njia, na wengine wanapita nyuma yake. Lakini atafanya mazoezi na nani? Atabaki peke yake usiku, akipigana na seva ya mbali, huku bando likiisha.

Mimi ningenunua mbili, tena za modeli moja ili asiwepo wa kulaumu kioo, mradi kompyuta zenu zinaweza kutoa picha 144. Pesa itakayobaki inatosha kebo ya kuunganisha mashine hizo mbili. Ndani ya chumba kimoja, data inavuka kutoka mashine hadi mashine kwa chini ya milisekunde moja, hata intaneti ikiwa imezima. Kwa kipimo hicho chumba cha Lodwar hakina tofauti na chumba cha Seoul. Unapata mpinzani wa kweli, ana kwa ana, na mpinzani mzuri wa karibu anakufundisha zaidi ya zile milisekunde 3.

Hilo halimalizi deni lote. Siku mtakayokutana na Frankfurt mtandaoni, mtachelewa tena, na hakuna monita ya kutibu hilo. Sehemu inayobaki ni ya waandaaji wa mashindano, na mfano wanao. Kabla ya Rio, Tegla Loroupe hakungoja wakimbizi wafike Nairobi ndipo awapime. Mchujo ulifanyika Kakuma kwenyewe, saa ya kupimia ikawafuata wakimbiaji walipokuwa. Skrini mbili na kebo moja zinaenea kwa begi. Mashindano ya gemu yanaweza kusafiri hivyo hivyo, kwa sababu kebo haihitaji kibali cha kuingia kambini. Ni mkimbizi ndiye anayekihitaji ili atoke.