Mizani ya Kwanza Iko Nyumbani



Wapenzi wanandoa, wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna biashara, ndogo au kubwa. Mmoja ana duka la rejareja, mwingine ana kibanda cha mboga, mwingine ana matatu barabarani, mwingine anafuga kuku na kuuza mayai. Jumapili mnaketi pamoja kanisani, na Jumatatu mnafungua mlango wa duka. Leo tuulizane: neno tulilolisikia Jumapili huingia nasi dukani, au hubaki kanisani likitungoja mpaka Jumapili nyingine?

Tuchukue mfano. Mume na mke, tuwaite Baba na Mama, wana duka la nafaka sokoni. Wanauza mahindi, maharagwe, ndengu na mchele. Walianza na magunia matatu, na leo ghala limejaa na wameajiri vijana wawili. Majirani wanawasifu kwamba ni watu wa bidii na watu wa kanisa.

Siku moja Mama anafua nguo na anakuta barua katika mfuko wa suruali ya Baba. Imetoka kwenye chama cha akiba na mikopo. Inasema kwamba rafiki ambaye Baba alimdhamini ameacha kulipa mkopo wake, na kwa hiyo akiba ya Baba itakatwa. Mama hakuwahi kuambiwa habari ya udhamini huo. Anakwenda dukani na barua mkononi. Baba, badala ya kujibu, anamuuliza: "Na wewe, Mama, yale magunia manne ya maharagwe yalikwenda wapi?" Kumbe Mama alimkopesha kaka yake, bila kuandika na bila kusema.

Kijana wa kazi amesimama nje akisikia yote. Huyo ndiye aliyeagizwa na Baba abonyeze chini ya gorogoro, kidogo tu, ili kila mteja apungukiwe na kiganja kimoja cha mahindi. Sasa ameelewa kwamba katika duka hili kila mtu humpunja mwenzake. Tusishangae yeye naye akianza kutia sarafu mfukoni.

Ndugu wapendwa, jambo tunalotaka kusema leo ni moja. Anayetaka kuongoza biashara vizuri aanze kwa kuwa mkweli kwa mwenzake wa ndoa. Mizani ya kwanza haiko kaunta. Iko nyumbani.

Kipimo kimoja, si viwili

Kitabu cha Methali hakitenganishi duka na nyumba. Kinasema juu ya mizani, madeni, mashamba na mifugo, na papo hapo kinasema juu ya mume, mke na watoto. Ndivyo maisha yalivyo. Shilingi inayopotea dukani ndiyo iliyokuwa karo ya mtoto.

Katika sura ya 11, aya ya 1, tunaambiwa kwamba Mungu huchukia mizani ya hila na hupendezwa na uzito ulio kamili. Zamani wafanyabiashara walipima kwa mawe waliyoyabeba mfukoni. Mdanganyifu alikuwa na jiwe zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Ndiyo sababu sura ya 20, aya ya 10, inakemea mawe ya namna mbili na vipimo vya namna mbili. Kumbukumbu la Torati 25:14 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamkataza Mwisraeli kuwa na vipimo viwili ndani ya nyumba yake.

Leo hatubebi mawe, lakini tuna gorogoro iliyobonyezwa. Tena tuna vipimo viwili vya nyumbani: hesabu moja ya kumwonyesha mwenzangu na nyingine ya moyoni mwangu, laini moja ya simu ambayo fedha zake zinajulikana, na nyingine ambayo mke au mume hajui kama ipo. Mtu aliyezoea kumpunja mteja asiyemjua hukuta si vigumu kumpunja anayelala naye kitanda kimoja. Dhambi ni ileile.

Yoshua bin Sira aliwajua vizuri wachuuzi. Katika sura ya 27, aya ya 2, anasema kwamba kama vile kigingi kinavyobanwa katikati ya mawe mawili, ndivyo dhambi inavyojipenyeza kati ya kuuza na kununua. Hasemi kwamba biashara ni dhambi. Anatuonya kwamba nafasi ni nyembamba, na tusipoiangalia kila siku, kigingi kitaingia.

Daftari ni ibada

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hekima hiyo inakubaliana kabisa na Methali 27:23, inayomwambia mfugaji aijue vema hali ya kundi lake. Aya inayofuata inatoa sababu: utajiri haudumu milele. Na mwisho wa sura hiyo twaambiwa lengo la kuhesabu mbuzi na kondoo: nyumba nzima ipate maziwa na mavazi. Hesabu ni njia ya kuwapenda walio nyumbani.

Yoshua bin Sira, sura ya 42, anaorodhesha mambo ambayo mtu asiyaonee haya. Miongoni mwake ni usawa wa mizani, na kuandika kila kinachotolewa na kinachopokelewa. Wako wanandoa wanaoona haya. Mume anasema, "Nikimwandikia mke wangu hesabu, ataona simwamini." Mke anasema, "Nikidai kuona daftari, atafikiri namtawala." La hasha! Daftari lililo wazi huondoa shaka kabla haijazaliwa. Kama Mama angeandika yale magunia manne, yasingekuwa siri wala silaha.

Basi chagueni jioni moja ya kila juma. Watoto wakishalala, wekeni daftari mezani, pamoja na rekodi za M-Pesa. Hesabuni kilichoingia, kilichotoka, tunachodai na tunachodaiwa. Anzeni kwa ishara ya msalaba. Nusu saa yatosha.

Kiongozi ni yule anayeuliza

Wako waume wanaofikiri kwamba kuwa kichwa cha nyumba ni kuamua peke yao, na wako wake ambao, kwa kuwa ndio wanaokaa dukani, humfanya mume kama mgeni. Methali 15:22 inasema kwamba mipango huharibika pasipo shauri. Naye Mtume Paulo, kabla ya kusema lolote juu ya mume na mke katika barua kwa Waefeso, anawataka wote wanyenyekeane kwa ajili ya Kristu (5:21). Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1055, inaita ndoa ushirika wa maisha yote. Maisha yote, ndugu zangu, na duka limo.

Tazameni tena yule mke hodari wa Methali sura ya 31. Mara nyingi twasoma sura hiyo kwenye arusi kana kwamba inamsifu mwanamke mtulivu wa jikoni. Someni vizuri. Mama huyu anakagua shamba na kulinunua. Anaona kwamba biashara yake ina faida. Anashona nguo na kuwauzia wachuuzi. Tena mkono wake u wazi kwa maskini. Lakini kabla ya hayo yote, aya ya 11 inasema kwamba moyo wa mumewe unamtumaini. Tumaini limetangulia shamba. Na sura inamalizika kwa agizo kwamba apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Mume ambaye mkewe hushinda dukani miaka kumi bila kujua sehemu yake ni ipi, na aisome aya hiyo ya 31 polepole. Mke ambaye mumewe ndiye anayebeba magunia naye aisome vilevile.

Udhamini wa siri

Hapa ndipo nyumba nyingi zimeumia. Methali 6:1-5 inamwambia aliyemdhamini mtu kwamba amenaswa kwa maneno ya kinywa chake, na asilale usingizi mpaka amejinasua kama swala mkononi mwa mwindaji. Sura ya 22, aya ya 26 na 27, inaonya kwamba ukikosa cha kulipa, hata kitanda unacholalia kitachukuliwa. Angalieni neno hilo: kitanda. Kitanda cha mtu aliyeoa si chake peke yake.

Kumsaidia rafiki ni jambo jema, na vyama vyetu vya akiba na mikopo vinasimama kwa sababu wanachama wanadhaminiana. Lakini sahihi yako inapoiweka akiba yenu rehani, mwenzako ana haki ya kujua kabla ya wino kukauka. Hata sheria za nchi yetu zimeliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 zinataka idhini ya mume na mke kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Kama serikali inataka tushauriane juu ya nyumba, je, Sakramenti tuliyopokea haitaki zaidi ya hapo?

Kanuni nyepesi ni hii: ukiombwa udhamini, jibu, "Nitashauriana na mwenzangu." Rafiki mwema atangoja. Asiyetaka kungoja amekuonyesha jibu.

Kijana aliyesimama nje

Tusimsahau yule kijana wa kazi. Methali 3:27-28 inatukataza kumwambia jirani aende na kurudi kesho ilhali haki yake tunayo mkononi. Tobiti alimwagiza mwanawe asikae na ujira wa mfanyakazi hata usiku mmoja (4:14). Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi mshahara wake ni kosa kubwa linalomlilia Mungu mbinguni.

Lakini pamoja na mshahara, kijana huyo anapokea malezi kutoka kwenu. Anawatazama mnavyopima na mnavyosemezana. Mkimfundisha kubonyeza gorogoro, mmemfundisha kuiba, na mwizi aliyefunzwa na mwenye duka hujua vizuri fedha zinawekwa wapi.

Na kama siri tayari ipo?

Huenda unasoma haya na moyo unadunda, kwa sababu iko barua ambayo mwenzako hajaiona. Methali 28:13 inasema kwamba anayeficha makosa yake hatafanikiwa, bali anayeyakiri na kuyaacha atapata rehema. Twalijua neno hilo katika kitubio. Tulijue pia mezani kwetu.

Chagua saa ya utulivu, si saa ya njaa wala mbele ya watoto. Sema deni lote kwa mara moja. Ukitaja elfu 20 leo na elfu 50 mwezi ujao, utakuwa umejeruhi mara mbili. Usitaje kosa la mwenzako ili kupunguza lako, kama Baba alivyofanya. Nawe unayeambiwa, hasira yako ina haki, lakini msikilize mpaka mwisho. Kusamehe si kujifanya hakuna hasara. Mnaweza kusameheana leo, na kesho mkakubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna mkopo wala udhamini bila sahihi zote mbili.

Tusidanganyane pia. Methali si hirizi ya kuleta utajiri. Baba akitupa gorogoro iliyobonyezwa na kununua iliyo sawa, faida itapungua, na jirani anayedanganya huenda akauza kwa bei ya chini zaidi. Ayubu alikuwa mwadilifu na bado alipoteza mali. Lakini Methali 15:17 inatukumbusha kwamba sahani ya mboga penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki. Sukuma wiki ya watu wasiofichana inashuka vizuri kooni.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Kuna deni, mkopo au udhamini wowote ambao mwenzangu haujui?
2. Kipimo chetu dukani, kila mteja angekiona kwa chini, tungeona haya?
3. Wafanyakazi wetu wamelipwa kwa wakati mwezi huu?
4. Ni jioni gani ya juma tutakayofungua daftari pamoja?

Sala: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya mikono katika nyumba ya Yosefu na Maria, ingia dukani mwetu. Utupe kipimo kimoja kwa wateja, kwa wafanyakazi na kwa sisi wawili. Utupe ujasiri wa kusema ukweli na upole wa kuusikiliza. Amina.