Kukosa Sukari si Kufunga

Apitaye Masumbwe alfajiri, katika barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Rwanda na Burundi, hukutana na harufu ya chai kabla jua halijachomoza. Madereva wa malori huteremka kunyoosha miguu. Wachimbaji wa dhahabu hunywa upesi kabla ya kwenda mashimoni. Wakulima hungojea gari. Mbele ya kila mmoja pana kikombe, na ndani ya kikombe vijiko vitatu au vinne vya sukari. Huko, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, chai isiyo na sukari huhesabiwa kuwa chai ya mgonjwa au ya maskini.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 wengi waliinywa chai hiyo pasipo kupenda. Mvua za El Niño zilikuwa zimezuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapungukiwa, na sukari ikaadimika. Mwezi wa Januari Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja, tangu shilingi 2,700 hata 3,200 kwa kilo, kwa kadiri ya mikoa; lakini mahali pengi bei ilipita shilingi 4,000. Uhaba ulikuwa haujakwisha ilipofika Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari. Mkristo angeweza kusema kwa mzaha: “Mwaka huu Mungu ametufungisha mwenyewe.”

Mzaha huo wachekesha, lakini umekosea. Kukosa si kufunga. Aliyekosa amenyang’anywa, afungaye ametoa. Wazee wetu wakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari ilipotafutwa kwa foleni, hata serikali ikaendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi mwaka 1983. Je, mioyo ilitakasika kwa sababu vikombe havikuwa na utamu? Wako waliogawana na jirani kikombe cha mwisho, na wako walioficha magunia wakingojea bei ipande. Shida ilikuwa moja, mioyo ikawa mbalimbali. Hivyo ndivyo ilivyo siku zote: uhaba huonyesha moyo ulivyo, bali mfungo wa hiari waweza kuugeuza.

Kwa hiyo twawashauri wazazi Wakatoliki jambo moja dogo: Kwaresima ijayo, hali sukari ipo dukani na fedha ipo mfukoni, jamaa nzima iiache kwa siku arobaini. Sheria ya Kanisa haidai hivyo. Yadai mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa watu wazima wa miaka 18 hata wafikapo 59, na kujinyima nyama kwa wenye miaka 14 na zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo yawaagiza wachungaji na wazazi wawalee hata walio wadogo katika maana ya kweli ya toba. Mtoto wa miaka saba atajifunzaje toba, kama haoni nyumbani kitu chochote ambacho baba na mama wamekiacha kwa ajili ya Mungu?

Yapasa kuanza kwa shauri la pamoja. Si haki mama aondoe kopo la sukari mezani kimyakimya, watoto wakadhani kuna ugomvi au ufukara. Baba aseme mbele ya wote, na kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Tena baba ajihadhari asije akanywa chai kavu nyumbani, kisha akaenda mkahawani kutia vijiko vinne na soda juu yake. Watoto wana macho, na habari za mkahawani hurudi nyumbani.

Sasa tupige hesabu. Jamaa ya watu sita, kila mtu vikombe viwili kwa siku na vijiko viwili kwa kikombe, hutumia vijiko 24. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Basi kwa siku arobaini ni karibu kilo 4. Kwa bei ya shilingi 3,000, ni shilingi 12,000. Fedha hizo ni za nani? Papa Mtakatifu Leo Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 440 hata 461, aliwahubiria Warumi mara nyingi ya kuwa anachojinyima mwenye kufunga kiwe chakula cha maskini. Nabii Isaya naye alikwisha kukemea mfungo usiomjali mwenye njaa. Zikibaki mfukoni, tumeweka akiba tu. Ziwekwe katika kopo lile lile la sukari, zihesabiwe na watoto kila Jumapili, na mwishoni zipelekwe kwa mjane wa jirani, au kwa jamaa ya mchimbaji aliyeumia shimoni.

Wengine watasema wanaacha sukari kwa ajili ya afya. Ni vema, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji ipungue chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Wala vyakula vya kwetu havina uchungu: matobolwa na michembe ya viazi vitamu, pamoja na karanga, huenda vizuri na chai isiyotiwa kitu. Lakini afya ni faida ya mwili wangu. Mfungo wanidai niangalie pia mwili wa mwenzangu.

Kwa hiyo upendo uwe mbele ya desturi yetu mpya. Mgeni akifika, atiliwe sukari bila hotuba. Bwana wetu ametuonya tusifunge kwa kuonekana na watu. Mgonjwa asifungishwe. Mtoto aharishaye huhitaji maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha apelekwe zahanati. Mwenye kisukari atumiaye dawa asibadili mlo wake pasipo kumwuliza daktari; sukari ya damu yake ikishuka ghafula, kijiko kile tulichokiacha chaweza kumponya. Kwa sababu hizo kopo lisitupwe.

Siku za kwanza zitakuwa ngumu. Kichwa kitauma, watoto watanung’unika, na pengine mama atakuwa wa kwanza kujuta. Msikasirikiane. Msaliye pamoja kabla ya kikombe kile kikavu, mmkumbuke kwa jina mtu ambaye fedha ile itamfikia. Kisha asubuhi ya Pasaka tieni sukari tena, kwa furaha na kwa kiasi. Na kikombe cha kwanza apewe yule jirani, akaribishwe kuketi nanyi mezani.